Miguu Mitano ya Koo la Mama

Kaka Mkubwa hakuwa mtu mbaya, na hili tuliweke wazi mapema kabla hamjaanza kumkunjia uso. Alikuwa mtoto wa kwanza tu, na watoto wa kwanza wengi wana ugonjwa huo wa kuwapangia maisha wote waliozaliwa baada yao, na wakishawamaliza hao wanageuka nyuma kuwapangia waliowazaa. Siku hiyo alikaa katikati ya sebule ya Mama, kwenye kiti cha Mama, akaeleza kwa upole mwingi kwamba Mama hawezi tena kuishi peke yake. Atahamia kwake. Nyumba hii itapangishwa. Chumba chake kimeshapakwa rangi na kitanda kimeshaingizwa.

Mama alikuwa kwenye kochi, kibao cha shule mapajani na kipande cha chaki mkononi. Aliandika neno moja kwa herufi kubwa: SIHAMI. Akalipigia mstari mpaka chaki ikakatika, kisha akakiinua kibao juu. Mjomba, mdogo wake Mama ambaye ndiye aliyeongoza kikao, alikuwa ameacha miwani nyumbani, kwa hiyo Kaka Mkubwa akajitolea kumsomea.

"Mama anasema tusimharakishe," alisoma.

Kitinda, mtoto wa mwisho, aliruka kwenye kigoda chake karibu na mlango. "Hajasema hivyo! Kaandika sihami! Herufi sita, Kaka, wewe umetoa wapi hayo mengine?"

"Mdogo wangu, mimi namwelewa Mama. Ana maana kwamba tumpe muda ajiandae."

Mama alifuta kibao kwa kiganja, akaandika kitu kingine ambacho hatutakirudia hapa kwa heshima yake na ya wasomaji. Kaka Mkubwa alikitazama, akakohoa kidogo, akamgeukia Mjomba. "Anashukuru," alisema.

Ungemjua Mama wa zamani, ungeelewa kwa nini Kitinda aliona giza kwa hasira. Mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana miaka mingi kabla ya kustaafu. Sauti yake ilikuwa inatoka ofisini, inapita uwanja mzima, inapanda ngazi na kumkuta msichana aliyejificha chini ya kitanda chake. Halafu koo likaugua, madaktari wakakata sanduku la sauti ili wamwokoe, na akatoka hospitali akipumua kwa tundu dogo shingoni. Hata hivyo hakunyamaza. Walimpa mashine ya mkononi, umbo lake kama tochi. Unaibana shingoni, kichwa chake kinatetemeka, na mdomo unaugeuza mtetemo ule kuwa maneno. Sauti ilikuwa kama ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, lakini ilikuwa sauti, na Mama aliitumia kugombana na kila aliyestahili. Mpaka betri ilipovuja ndani, dawa yake ikaila bodi, ule ubao wa ndani unaobeba vifaa vya umeme, na mashine ikazima. Kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa. Hospitali ilimwandikisha apewe nyingine na kumwambia asubiri zamu yake, na zamu hiyo haikuwa na tarehe.

Tangu hapo Mama alikuwa mtu wa kusemewa.

"Basi," alisema Mjomba, ambaye hakupenda ugomvi kabla ya chai, "tukutane tena Jumapili ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo tukate neno, liishe."

"Siku hiyo Mama atasema mwenyewe," alisema Kitinda. "Kwa mdomo wake."

Kaka Mkubwa alimtazama kwa huruma, ile huruma inayowasha mwili. "Kwa mashine ipi, mdogo wangu?"

"Nitaitengeneza."

Alisema hivyo mbele ya watu, na akishasema Kitinda harudi nyuma. Jioni ile alikwenda kwake, akarudi na begi la nguo na sanduku la zana, akahamia chumba cha nyuma kwa Mama. Hakumuuliza Mama. Aliona hakuna la kuuliza.

Kazi ya Kitinda ilikuwa kuchora saketi. Karakana yao ilikuwa ghorofani juu ya duka la vioo, vyumba viwili vyenye meza ndefu, harufu ya lehemu na feni inayolalamika. Wateja walileta mashine za kuhesabia, za kupimia na za kufungia milango. Yeye alichora bodi zake kwenye kompyuta, michoro ikapelekwa kiwandani nchi nyingine, bodi zikarudi zimekatwa na kutobolewa tayari. Mwenye karakana aliitwa Rula, na hakulibishia jina hilo, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila rula mfukoni mwa shati. Alipima kila kitu. Watu walidai aliwahi kumpima mkwewe urefu wakati wa kusalimiana naye.

Kitinda aliifungua mashine ya Mama juu ya meza yake wakati wenzake wamekwenda kula. Bodi ilikuwa imeoza kabisa, kijani na nyeupe, nyuzi za shaba zimeliwa kama karatasi iliyoingiliwa na mchwa. Lakini kichwa kile kinachotetemeka, kile kinachogusa shingo, kilikuwa kizima. Alikiunganisha kwenye umeme mdogo, kikamtetemekea kiganjani, na yeye akacheka peke yake.

"Kichwa kizima, mwili umekufa," alimwambia Rula aliporudi. "Nikikichorea bodi mpya, Mama anaongea."

Rula alikichukua, akakigeuza, akakipima. "Maktabani kimo?"

"Hakimo. Nimetafuta."

Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Programu ya kuchorea saketi ina maktaba yake ya vifaa, maelfu kwa maelfu ya vipande ambavyo watu wengine walishavichora. Ukihitaji swichi, unaichukua, unaiweka, unaendelea na safari yako. Lakini kifaa ambacho hakuna aliyewahi kukichora, programu haikijui, kwake hakijazaliwa. Lazima ukizalishe wewe, na ukizalishe mara mbili. Kwanza unachora alama yake, ile picha ya kwenye mchoro inayosema mguu upi unafanya kazi gani. Pili unachora unyayo wake, yaani matundu kamili ambayo miguu yake itakanyaga kwenye bodi. Ukikosea alama, umeme unapotea njia. Ukikosea unyayo, kifaa hakikai.

"Una karatasi ya vipimo kutoka kiwandani?" aliuliza Rula.

"Kiwanda kimekufa, bosi. Nina kifaa chenyewe na macho yangu."

Rula alijikuna kidevu kwa rula. Kulikuwa na oda ya mteja inaondoka kwenda kiwandani siku chache mbele, na kwenye pembe ya shiti lake, lile bamba kubwa ambalo bodi hukatwa humo, kulikuwa na nafasi tupu. "Ukimaliza kabla oda haijaondoka, bodi ya mama yako itapanda lifti humo humo. Ikirudi itakuwa karibu na hiyo Jumapili yenu. Lakini lifti ni moja tu. Ikienda na kosa, inarudi na kosa."

Kitinda alijifunga kibwebwe. Kazi za wateja alizifanya kwa saa za kazi, na kichwa cha Mama alikifanyia asubuhi kabla ya wenzake kufika na mchana walipokuwa wakila. Kilikuwa na miguu mitano: mitatu upande mmoja, miwili upande wa pili, na hakuna nafasi iliyolingana na mwenzake, kana kwamba aliyekibuni alikuwa amegombana na mtu asubuhi hiyo. Kwa kipima umeme aliuhoji mguu mmoja mmoja. Miwili ilikuwa ya kutetemesha. Miwili ilikuwa ya kihisi kinachojua kama kichwa kimegusa shingo. Wa tano uliushika mwili wa chuma. Akachora alama yake, safi, kila mguu na namba yake.

Unyayo ulimtoa jasho. Miguu ilikuwa mifupi, na ukingo wa chuma uliizunguka, kwa hiyo kipimo cha mkono hakikuingia vizuri. Kila akipima anapata jibu jipya. Mwishowe akaitazama skana ya ofisini, ile ya kunakilia vitambulisho na hati, na wazo likamjia. Alikilaza kichwa kwenye kioo, miguu ikitazama chini, akaweka rula ya bosi pembeni yake, akavifunika kwa koti jeusi, akabonyeza. Picha ikatoka nzuri ajabu: ncha tano zinang'aa, na rula pembeni inasema ukweli. Akaiingiza ile picha ndani ya programu, akaikuza mpaka vipimo vikalingana na rula, akaweka tundu juu ya kila ncha. Kazi iliyomtesa siku mbili ikaisha kabla wenzake hawajarudi kutoka kula.

Programu ikamuuliza: jina la kifaa? Hapo wengine huandika herufi na namba. Kitinda aliandika: Koo la Mama.

Rula alisoma juu ya bega lake. "Mteja akilichukua hilo kwa bahati mbaya, tutaeleza nini?"

"Tutamwambia asigombane nalo."

Karakana ilikuwa na amri moja, imebandikwa ukutani juu ya printa: KARATASI KWANZA. Hakuna bodi iliyokwenda kiwandani kabla mchoro haujachapwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, na vifaa vyenyewe kutobozwa humo kuona kama vinakaa. Kitinda alichapa. Aliishika karatasi, wino ukimtazama usoni ili aone vizuri, akakisukuma kichwa kutoka chini yake. Miguu ikatoboa, mmoja, wa pili, mpaka wa tano, kila mmoja ukachomoza katikati ya duara lake. Alimwita Rula. Rula aliinama, akaangalia, akapima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mchoro ukaenda.

Baada ya hapo ikabaki kusubiri, na kusubiri kulimshinda Kitinda kuliko kazi. Nyumbani Mama alikuwa akizidi kuchakaa, si mwili, bali ule ukali wake. Kibao alikuwa anakiacha mezani. Muuza duka wa jirani alikuwa ameshazoea kumuuliza Kitinda, "Mama anataka mkate gani?" na Mama amesimama pale pale, mrefu kuliko wote wawili. Na Kitinda alijibu. Alijibu kwa haraka, kwa nia njema, ili mambo yaende. Jirani alipopiga hodi alimwambia, "Mama leo amechoka, hataki wageni," naye Mama alikuwa jikoni amesimama wima na vikombe viwili mkononi. Mama alikirudisha kimoja kabatini. Kitinda alikiona kikombe kile, lakini mawazo yake yalikuwa kiwandani.

Kaka Mkubwa alipiga simu kila baada ya siku chache. Safari moja alisema ameshapata gari la kubebea makochi. "Si kwamba tumeamua," alisema. "Ni maandalizi tu."

"Na mimi nina maandalizi yangu," alisema Kitinda, akakata simu.

Bodi zilifika Ijumaa mchana, kikao kikiwa Jumapili. Ile ya Mama ilikuwa nyembamba, ndefu kama kidole, ya kijani kibichi. Kitinda aliibusu kwa siri. Akalehemu vipande vidogo kwanza, ubongo wa mashine na nduguze, kwa mkono uliotulia. Kisha akachukua kichwa, akakiteremsha kwenye matundu yake.

Hakikukaa.

Akakigeuza. Hakikukaa. Miguu mitatu ilikuwa upande unaotakiwa kuwa na miwili, na alipokizungusha upande ukae sawa, nafasi zikakataa.  Alikitoa, akakitazama, akaitazama bodi, akakitazama tena, na akaanza kuelewa. Bodi haikuwa na vipimo vibaya. Ilikuwa imegeuzwa, kushoto kulia, kama mtu anavyojiona kwenye kioo.

Rula alikuja na rula yake, lakini safari hii hakupima. "Ulipata wapi umbo lake?"

"Kwenye skana."

"Skana inatazama kutoka chini."

"Na programu inachora kutoka juu," alisema Kitinda, na sauti yake ikawa ndogo. "Nimechora tumbo la kifaa nikadhani ni mgongo. Lakini bosi, karatasi! Kwenye karatasi kilikaa!"

"Ulikitoboza kutoka upande gani?"

 Kitinda aliikumbuka mikono yake ikiishika karatasi, wino ukimtazama, kifaa kikitokea chini. Karatasi haina mgongo wala tumbo. Ukiitoboa kutoka upande wowote inakukubalia. Kosa la skana lilikuwa limekutana na kosa la karatasi, yakasalimiana, yakapita pamoja mbele ya watu wawili wazima wanaojiita mafundi. Rula aliigeukia ile amri yake ya ukutani akaitazama.

Kitinda alikwenda chooni akalia. Alilia kwa hasira zaidi ya huzuni, akaosha uso, akarudi. Hakukuwa na bodi nyingine ya kuagiza, Jumapili isingesubiri. Alijaribu kwanza kuunga kichwa na bodi kwa nyaya, mguu kwa tundu, waya tano nyembamba. Ikawaka, ikatetemeka, na kabla hajamaliza kufurahi waya mbili zikakatika kwa mtikisiko wenyewe. Akaweka nene zaidi. Hizo zikavumilia kidogo, zikang'oka na lehemu yake. Kitu ambacho kazi yake ni kutetemeka hakikubali kuning'inizwa.

"Mwambie kaka yako awape mwezi mmoja mwingine," alisema Rula kwa upole. "Kosa ni la karakana. Nitaandika barua nikitakiwa."

"Sitaki barua. Barua ataisoma yeye kwa sauti, itasema tunashukuru."

Simu ikalia. Kaka Mkubwa. Gari litakuja Jumapili hiyo hiyo saa tisa, dereva hana nafasi siku nyingine, na Mama si ameshatulia, siku hizi hata kibao haandiki? Kitinda alisema, "Sawa, Kaka," akaiweka simu kifudifudi. Akavuta kiti. Piga ua, kitu hiki kingekaa.

Akaichukua ile karatasi ya majaribio, iliyokuwa bado kwenye droo na matundu yake matano. Akakitoboza kichwa tena kama alivyokitoboza mara ya kwanza, kutoka chini. Kikakaa vilevile, kizuri, cha kuudhi. Akakaa anakitazama. Kutoka chini. Kinakaa kutoka chini. Na bodi nayo ina chini.

Aliinyakua bodi, akaigeuza kifudifudi, akakiteremsha kichwa kwenye mgongo wake. Miguu mitano ikaingia bila kusukumwa.

"Bosi!" alipiga kelele mpaka mtu wa duka la vioo akagonga dari. "Bosi, bodi ndiyo itakayolala kifudifudi!"

Haikuwa rahisi kama kelele ile. Kichwa kikihamia mgongoni, bodi nzima lazima igeuke ndani ya ganda la mashine, na vingine vyote vya kushikwa na mkono vihame nacho. Swichi ya kubonyeza ilikubali. Ina miguu minne iliyolingana, haijali imetokea wapi. Kapasita, ile ya kuhifadhi umeme, ndefu kama pipa, ilikuwa inagonga ganda, akailaza ubavu na kuigandisha kwa gundi. Kigurudumu cha sauti kilihama, lakini kwa kuhama kikageuka tabia: ukikizungusha kwenda kwenye alama ya juu iliyochorwa kwenye ganda, sauti inashuka, na ukikirudisha inapanda. Rula alitaka wakirekebishe. Kitinda alisema Mama atajifunza, jua la Jumamosi lilishaanza kuteremka. Alifunga skrubu ya mwisho, akaweka betri.

"Nani wa kuijaribu?" aliuliza.

Rula aliibana shingoni kwake mwenyewe, akazuia pumzi, akafungua mdomo bila kutoa sauti yake. Mashine ikazungumza kwa sauti ya nyuki kwenye kopo: "Ka-ra-ta-si kwa-nza. U-pa-nde wa ji-no."

"Wa wino," alimsahihisha Kitinda, huku machozi yakimtoka kwa kucheka.

Nyumbani alimkuta Mama kitandani, ameketi, masanduku mawili yako mlangoni. Alikuwa ameanza kufungasha. Kitinda aliyatazama masanduku yale, na moyo ukamuuma kweli kweli. Hakuwahi kumwona Mama akikubali kitu asichokitaka. Akamwekea mashine mkononi. Akamweleza habari ya kigurudumu kilichogeuka. "Sema kitu, Mama. Sema lolote."

Mama aliigeuza mashine, akaipapasa mpaka kwenye swichi. Akamtazama bintiye. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, ishara ileile iliyowatoa wasichana bwenini. Kitinda akatoka. Alisimama ukumbini akausikia mngurumo nyuma ya mlango, unaanza, unakatika, unaanza tena, lakini maneno hakuyapata.

Jumapili wote walifika. Mjomba alikuja na miwani. Kaka Mkubwa alikaa kwenye kiti cha Mama, akafungua kikao, akashukuru kwa mahudhurio, akaanza: "Kama tulivyozungumza, na Mama mwenyewe ameonyesha kwamba..."

"Toka kwenye kiti changu."

Kaka Mkubwa aliruka kama aliyekalia moto. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mashine shingoni, kichwa ameinua. Sauti ilikuwa ya kopo, haina kupanda wala kushuka, lakini kila mtu chumbani pale aliikumbuka mara moja. Alikwenda taratibu akaketi kitini pake.

"Mama!" alisema Kaka Mkubwa, na macho yake yalijaa maji, kwa sababu tulishasema hakuwa mtu mbaya. "Mama, unaongea! Ila ni kubwa mno, majirani watasikia. Ngoja nikusaidie." Akanyoosha mkono akakizungusha kigurudumu kuelekea chini, kama ilivyochorwa kwenye ganda.

"MAJIRANI WASIKIE," alisema Mama, na madirisha yakaitikia. "SIHAMI."

Mjomba alivua miwani akaifuta. Hakuwa na haja nayo tena.

Mama alirudisha kigurudumu mwenyewe. Alimwambia Kaka Mkubwa kwamba anampenda, kwamba chumba alichokipaka rangi amlaze humo mwanawe aliyekuwa akilala sebuleni, na kwamba yale maneno aliyoyasoma "anashukuru" anayajua vizuri yalivyoandikwa, na bado anayasimamia. Alimwambia gari la saa tisa alirudishe. Kaka Mkubwa alisema, "Ndiyo, Mama," mara nyingi, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Kitinda alikuwa amekaa kwenye kigoda chake amevimba kwa furaha. Alitaka kusimama ashangilie. Alishinda, na ushindi ule ulikuwa umetoka mikononi mwake, tundu kwa tundu.

"Na wewe," alisema Mama.

Kitinda alitabasamu. "Mimi, Mama?"

"Wewe. Umenitengenezea sauti, mwanangu. Asante. Sijui nikulipe nini." Mama alitua, akavuta pumzi kwa tundu lake la shingoni. "Kesho chukua begi lako urudi kwako."

 Kitinda alihisi uso unamchoma. Mjomba, kwa kutaka kumsitiri, akaingilia: "Dada, huyu mtoto anakuuguza..."

"Ananisemea. Kwa muuza duka ananisemea. Kwa jirani ananisemea. Jirani yangu amekuja kunywa chai nami, ameambiwa nimechoka. Sikuwa nimechoka."

Kitinda aligeuka kwa Mjomba, kwa Kaka, kwa mtu yeyote mwenye sura ya huruma. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kama siku zote. "Mama ana maana kwamba," alianza, "ana maana kwamba kwa sasa..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe.

Kaka Mkubwa alikuwa anamtazama, na hakukuwa na kejeli usoni mwake hata kidogo. Alimtazama kama mtu anayemwona ndugu yake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kitinda alifunga mdomo. Akasimama, akapita katikati ya wote mpaka kwa Mama, akapiga magoti pembeni ya kiti.

"Umesema nirudi kwangu kesho," alisema.

"Nimesema hivyo."

"Sawa, Mama."

Akaenda chumba cha nyuma kufunga begi. Nyuma yake alimsikia Mama akimtuma Kaka Mkubwa avuke uzio akamwite jirani, na amwambie chai iko tayari.